Acha Simu Pale Viatu Vinapoachwa

Wasee, leo naanza na kosa langu mwenyewe, ndio baadaye mtu asiseme nilijificha.

Mwezi wa pili niliweka video ya sekunde 40. Niliichukua ndani ya kanisa moja katikati ya jiji, siku ya wiki, saa nne asubuhi. Mwanga ulikuwa unapita kwa vioo vya rangi unaanguka kwa viti, na kwa kile kiti cha nyuma kabisa alikuwa mama mmoja amevaa kitenge cha buluu, ameinamisha kichwa, mabega yanatetemeka. Sikumjua. Sikumwomba ruhusa. Nilimvuta karibu na kamera, nikaweka muziki wa pole pole, nikaandika juu yake, "Nairobi inaomba." Manze, ikaenda. Ndani ya siku tatu ilikuwa imetazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kufanya tangu nianze hii kazi. Hata mtu wa matangazo akanitafuta.

Siku ya nne nikapata ujumbe. "Huyo mama wa kitenge ni mamangu. Kila asubuhi anatoka nyumbani akituambia anaenda kazini. Ni kwa video yako ndio tumejua alifutwa kazi Desemba. Tafadhali itoe."

Nilikuwa kwa matatu. Nilishuka steji mbili kabla ya yangu kwa sababu sikutaka mtu aone uso wangu. Si ati nilikuwa nimeogopa kushtakiwa. Ni vile nilikuwa nawajua watu wa kiti cha nyuma vizuri sana. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Kitu sijawahi kuwaambia ni kwamba kwa miezi mitatu mathe hakujua. Karo ilikuwa imekataa, jina langu limetolewa kwa orodha ya mtihani, na mimi kila asubuhi najifunga begi mgongoni, daftari ndani, naaga, natembea hadi tao. Sasa jaribu kukaa tao bila pesa. Kwa mkahawa lazima ununue chai. Kwa ngazi za jengo, askari anakuuliza unangoja nani. Kwa bustani jua linakuchapa, na mvua ikija huna pa kwenda. Mahali pekee nilipata ambapo mtu anaweza kukaa masaa manne bila kununua kitu na bila kueleza yeye ni nani ni kanisani, kiti cha nyuma. Kulikuwa na mzee wa kufagia. Alikuwa akifika kwangu anafagia akizunguka miguu yangu, halafu anaendelea. Miezi mitatu, hakuwahi kuniuliza swali hata moja. Sijui kama niliwahi kuomba mle ndani. Lakini najua nilifichwa, na nilihitaji kufichwa.

Halafu miaka miwili baadaye naingia nyumba kama hiyo na simu, nampata mama amejificha vile mimi nilijificha, namtoa nje mbele ya watu laki moja.

So haya ndiyo maoni yangu, na najua yatanigharimu kwa sababu mimi nakula kupitia kamera: nyumba ya ibada si mahali pa kuchukua kontenti. Na ninasema hivi kuhusu dini zote, kwa sababu nilipoanza kuchunguza vizuri, niligundua karibu kila dini ilishajua jambo ambalo mimi nimelijua juzi.

Wakati huo nilikuwa nimepanga msururu mzima. Video kumi, nyumba za ibada za dini tofauti, moja kila wiki. Kanisa, msikiti, gurudwara ya Masingasinga, hekalu la Kihindu, sinagogi, nyumba ya Wabaha'i, kaya ya Wamijikenda. Ya mwisho, ile ya kushtua watu, ilikuwa hekalu la moto la Wazoroastria.

Kama unadhani hujawahi kuwasikia, umewasikia. Wale mamajusi wa Krismasi, walioifuata nyota? Hilo jina linarudi kwa makuhani wa Uajemi wa kale, na Waarabu waliwaita watu wa dini hii Majusi. Na Freddie Mercury, yule msee wa Queen mwenye masharubu, alizaliwa Zanzibar mwaka wa 1946 akiitwa Farrokh Bulsara. Familia yake ilikuwa ya Maparsi, yaani Wazoroastria ambao mababu zao walihama Uajemi wakakaa India. Alipofariki London mwaka wa 1991, mazishi yake yaliendeshwa kwa taratibu za dini hiyo. Kwa hivyo si stori ya mbali sana na pwani yetu.

Wanamfuata nabii Zarathustra, na Mungu wao wanamwita Ahura Mazda. Watu husema wanaabudu moto. Hapana. Mwislamu anaelekea Kaaba lakini haiabudu Kaaba, na wao vilevile husali mbele ya moto kwa sababu kwao ni alama ya mwanga na ukweli wa Mungu. Ndio maana hekalu lao halijengwi kwa ajili ya sanamu wala mimbari. Linajengwa kwa ajili ya moto.

Na si moto wa kiberiti. Moto wa daraja la juu kabisa unaitwa Atash Behram, na duniani kote iko 9 tu: 8 India na 1 Iran. Kuutengeneza, wanakusanya mioto ya aina 16. Kuna moto wa mfinyanzi, wa mfua chuma, wa mfua dhahabu, wa mwoka mikate, wa mchungaji, hata moto uliotoka mahali pa kuchomea maiti. Na lazima kuwe na moto uliowashwa na radi kutoka juu. Kila mmoja unasafishwa kwa sala, tena na tena, kwa miezi mingi, halafu inaunganishwa inakuwa moto mmoja. Hiyo ilinigusa kwa sababu nimekulia karibu na jua kali. Nilifikiria watu wa Gikomba, mwenye kuchomelea vyuma, mama wa mandazi na jiko lake saa kumi usiku. Kwa hesabu ya hii dini, mioto ya watu wa kazi kama hao ndiyo inaungana na radi ya mbinguni ikae kiti kimoja.

Ukishawashwa, hauzimwi. Mara tano kwa siku kuhani anaulisha kuni, mara nyingi msandali, huku amefunga kitambaa cheupe mdomoni na puani ili hata pumzi yake isiuchafue. Moto wa zamani zaidi India unaitwa Iran Shah, na uko mji mdogo wa Udvada, Gujarat, tangu 1742. Kabla ya hapo ulihamishwa mara kadhaa. Kwa masimulizi ya Maparsi wenyewe, vita vilipofika Sanjan, mahali walipokuwa wamekaa, makuhani waliubeba moto wakaenda kuuficha kwenye mapango ya mlima wa Bahrot kwa miaka 12. Hebu fikiria hao wasee. Nyumba zinaungua nyuma yao, na kitu walichookoa ni kile ambacho ukikikosea kidogo tu kinazima.

Mimi nikiyasoma hayo naona video. Nilishaanza kuwaza pembe za kamera. Halafu nikafika kwa mstari ulioua mpango wangu: katika mahekalu ya Maparsi India, mtu asiye Mzoroastria haingii. Hakuna tiketi, hakuna kibali cha wageni. Unaona mlango na hapo ndipo safari yako inaishia.

Nilikasirika, sitawadanganya. Nilisema huu ni ubaguzi. Nyumba ya Mungu inafungwaje? Na hasira yangu haikuwa bure kabisa, kwa sababu hata ndani yao jambo hili lina maumivu. Wako wanawake Maparsi walioolewa na watu wa dini nyingine wakazuiwa kwenye mahekalu ya wazazi wao, na mambo yakafika hadi mahakama kuu za India. Sisemi kila mlango uliofungwa ni mtakatifu.

Lakini ule ujumbe ulikuwa bado uko kwa simu yangu. Nilipokuwa nauliza "kwa nini wananifungia mimi?", nikajiuliza swali lingine: nikifunguliwa, ningefanya nini? Jibu nalijua. Ningefanya vile nilifanya kwa yule mama. Ningeingia, nivute karibu, niweke muziki. Watu waliobeba moto hadi mapangoni wanijue mimi kutoka wapi?

Kuna mahali wamepata njia ya kati. Yazd, Iran, hekalu la Atash Behram linapokea wageni. Moto wenyewe, unaosemekana umewaka tangu karibu mwaka wa 470, uko nyuma ya kioo. Unasimama, unautazama, unaondoka. Moto hauna habari na wewe. Mimi napenda hiyo. Mgeni anapewa kuona, lakini hapewi kushika.

Na kuna mfano wa upande ule mwingine. Karibu na Baku, nchi ya Azerbaijan, kuna hekalu la moto linaitwa Ateshgah. Maandishi mengi kwa kuta zake ni ya mahujaji Wahindu, mengine ya Masingasinga, na moja ni la Kiajemi. Moto wake ulikuwa unatoka ardhini wenyewe kwa gesi ya asili. Watu wakachimba gesi ya eneo hilo hadi mwaka wa 1969 ule moto ukazima. Siku hizi pale ni makumbusho, mlango uko wazi kwa kila mtu, na miale unayoipiga picha inaletwa na bomba. Siwacheki, ni mahali pa historia na ningependa kufika. Ila mkitaka kujua video yangu ilikuwa nini, ilikuwa moto wa bomba. Inang'aa vizuri, lakini kile kilichokuwa kinawaka mle ndani nilikuwa nimekizima mimi.

Usidhani haya ni mambo ya Wahindi na Waajemi peke yao. Nenda Kwale, Kaya Kinondo. Kaya za Wamijikenda ziliingia kwa orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2008, na bado mgeni haingii vile anataka. Unafungwa shuka nyeusi, unaongozwa na mwenyeji, na kuna mahali unaambiwa hapa ni mwisho wako. Msitu umebaki umesimama wakati misitu mingine imekuwa makaa, kwa sababu kuna wazee waliojua kusema "mwisho wako ni hapa." Watu hao hao wamewahi kuonja kinachotokea mgeni akikosa mwisho: vigango, zile nguzo za mbao wanazosimamishia wazee waliokufa, viling'olewa na kuuzwa hadi vikafika makumbusho za Marekani. Waliovinunua pengine walisema ni sanaa nzuri. Hata mimi nilisema mwanga wa kanisani ulikuwa mzuri.

Sasa msije mkasema Kijana anataka milango yote ifungwe. Hapana. Kuna dini ambazo mlango wazi ndio ibada yenyewe, na ninaziheshimu sana.

Nyumba za ibada za Wabaha'i lazima ziwe na pande tisa, na mtu wa dini yoyote anaruhusiwa kuingia kuomba. Kampala iko moja tangu 1961, na hapa Kenya kuna ya Matunda Soy, magharibi, iliyofunguliwa 2021. Ndani hakuna mahubiri wala ala za muziki, ni sauti za watu tu zikisoma maandiko na kuimba. Nilicheka kuona hesabu: mioto mikuu 9, nyumba za pande 9 zilizo wazi. Lakini zote mbili zinakudai kitu kimoja. Ukiingia, nyamaza.

Na gurudwara ya Makindu. Kama umesafiri barabara ya Mombasa na mfuko umetoboka, unaijua. Masingasinga waliojenga reli waliomba hapo, na hekalu likajengwa 1926. Mpaka leo msafiri wa kabila lolote na dini yoyote anaingia, anavua viatu, anafunika kichwa, anakula bure. Mara ya kwanza nilipita huko nikitoka pwani na shilingi hamsini. Niliketi, nikawekewa chapati, dengu na chai. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali: wewe ni nani, unatoka wapi, umeokoka? Mtu akaja na ndoo ya dengu, akaniuliza swali moja tu: "Nikuongeze?"

Unaona sasa? Mlango wa Udvada umefungwa na wa Makindu uko wazi, na bado yule kuhani wa kitambaa mdomoni na yule mtu wa ndoo ya dengu wanafanya kazi moja. Kila mmoja analinda kitu dhaifu. Mmoja moto, mwingine heshima ya mtu mwenye njaa. Kwangu mimi siku hizi sipimi nyumba ya ibada kwa ukubwa wa mlango. Napima inamlinda nani.

Najua kuna msee anasoma hii anasema, "Sawa, na Shakahola?" Swali zuri, na silikwepi. Kule Kilifi, mwaka wa 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, watu waliofuata mahubiri ya kufunga hadi kufa, watoto wakiwemo. Pale usiri uliua. Kwa hivyo kamera, polisi na waandishi walifaa kufika mapema, si kuchelewa. Lakini angalia tofauti. Udvada wanakuzuia kuingia. Aliye ndani anatoka akitaka, anaenda kwake kula chakula cha mchana. Shakahola waliozuiwa ni waliotaka kutoka. Mlango wa kuingia ukifungwa, uliza kwa heshima ni kwa nini. Mlango wa kutoka ukifungwa, vunja.

Mwingine atasema kamera huokoa. Kweli. Mwaka wa 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula Uhuru Park, Wangari Maathai akiwa nao, wakidai watoto wao waachiliwe. Polisi waliwapiga. Akina mama wakaingia kanisa kuu la All Saints na wakakaa chini ya kanisa karibu mwaka mzima. Hao walitaka kuonekana. Walitaka dunia nzima iwatazame, na kanisa likawapa mahali pa kusimama wakisema. Wao waliamua. Mama wa kitenge hakuamua chochote, nilimwamulia mimi.

Na kabla watu wa vyombo vya ibada wapige makofi, hata ninyi mjiangalie. Siku hizi kuna makanisa kamera ziko nyingi kuliko waimbaji. Mtu anaitwa mbele na ugonjwa wake, anasukumiwa kipaza sauti, chini ya skrini nambari ya M-Pesa inapita. Mgonjwa akianguka, kamera inamfuata hadi sakafuni. Akirudi nyumbani, mtaa mzima unajua ana nini. Mkinilaumu mimi kwa sekunde 40, hiyo ya masaa matatu kila Jumapili, laivu, tuiiteje?

Nilichofanya ni hiki. Video niliitoa usiku uleule. Yule wa matangazo aliponiuliza iko wapi, nikamwambia imeenda, na doo yake ikaenda nayo. Ilikuwa kodi ya miezi miwili, na mwenye nyumba wangu hakuguswa na maadili yangu. Nakala zilizochukuliwa na wengine bado zinazunguka. Nimeandikia kurasa zaidi ya ishirini niwaombe watoe. Kumi na moja wametoa. Yule mtoto wa mama nilimwomba msamaha, naye akajibu neno moja, "Sawa." Sijui ni sawa ya kusamehe au ni ile sawa ya kuchoka. Sikumwuliza.

Msururu wa video kumi sitaufanya. Nitaenda bado, kwa sababu sasa nataka kujua, lakini nitaenda vile watu huenda. Ukifika msikitini unavua viatu mlangoni. Gurudwara vilevile, hekalu la Kihindu vilevile. Hakuna mtu amewahi kulalamika ati haki zake zimevunjwa kwa kuacha viatu. Basi simu nayo iachwe hapo hapo, au izimwe ikae ndani ya mfuko. Ukitaka picha ya jengo, piga kutoka nje, ukuta haulii. Ukitaka uso wa mtu, mngoje atoke, msalimie, mwombe. Akikataa, umemwona kwa macho na hiyo inatosha.

Jumatano iliyopita nilirudi kwa lile kanisa langu la zamani. Yule mzee wa kufagia bado yuko. Nilikaa kiti cha nyuma, upande wa pili wa ukuta. Kulikuwa na kijana hapo mbele yangu, begi mgongoni, kichwa kimelala kwa kiti. Mzee akafika kwake na ufagio, akamzunguka miguu, akaendelea.